Unga wa Freha

Gunia la unga lilipita mbele ya mlango wa Batul bila kusimama.

Aliliona kwa macho yake, yeye akiwa kizingitini na fagio mkononi, maji ya kutulizia vumbi bado yakimtiririka vidoleni. Lilikuwa gunia lile lile jeupe lenye mstari wa buluu, limelazwa juu ya mkokoteni wa Buazza mchukuzi kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Pembeni yake palikuwa na mfuko wa kuskusi, kopo la hamira, na tambi zilizofungwa katika kitambaa cha maua ambacho Batul angekitambua hata gizani. Vyote vilikuwa vitu vya Freha. Mkokoteni ukagongagonga mawe ya kichochoro, Buazza akamsalimu kwa kidevu kwa kuwa mikono ilikuwa kazini, akakata kona ya kushoto. Na kushoto kule hapakuwa na nyumba ya kupelekewa unga, ila nyumba ya masista.

"Buazza," Batul aliita. "Umepotea njia. Huo ni wa hapa."

"Sijapotea, bibi. Kaniambia kwa masista."

"Nani kakwambia?"

"Mwenye unga. Sasa bibi, utanihoji kama askari, na mimi nimefunga, koo limekauka kama kiatu cha zamani?" Akaendelea kusukuma. "Muulize mwenyewe. Ni jirani yako au ni jirani yangu?"

Batul akabaki na fagio lake. Vumbi alilokuwa amelikusanya vizuri pembeni, akajikuta analisambaza tena.

Tangu aletwe bi harusi katika kichochoro kile cha Meknes, hakuna mwaka ambao unga ule ulimpita. Pasaka ya Wayahudi ikikaribia, Freha alikuwa akiipindua nyumba yake juu chini: anakung'uta mifuko ya makoti, anainua magodoro, anafagia pembe za makabati kwa unyoya wa kuku, asije akaacha hata chembe ya kitu kilichochacha. Katika siku zile watu wa dini yake hawali mkate wenye chachu, wala haifai kukaa na chachu ndani, wala hata iwe mali yao ikiwa imefichwa mahali. Na kwa kuwa hakuna mwenye akili zake atakayemwaga gunia zima la unga, desturi ilikuwa kumuuzia jirani wa dini nyingine kwa bei ya jina tu. Sikukuu ikiisha, jirani anaurudisha jioni ile wanayoiita Mimuna, pamoja na maziwa, siagi na asali. Mama wa nyumba anakaanga mikate myembamba kama kitambaa cha kichwa, mlango unaachwa wazi, na apitaye huingia akala. Mama mkwe wa Batul alikuwa akiupokea kutoka kwa mama yake Freha. Wazee walipoondoka, kazi ikarithiwa kama watu wanavyorithi sinia la shaba.

Na Batul aliifanya kazi ile kama ibada. Gunia alikuwa akiliweka juu ya kasha lake la harusi, akalifunika shuka nyeupe, akawakataza watoto hata kuliegemea. Freha alipoyasema yale maneno yake ya kuuza, kwamba unga huu sasa ni wako, Batul, ufanye upendavyo, Batul alikuwa akimkatiza kwa kicheko. "Acha hayo, dada. Chako ni chako. Mimi mlinzi tu." Mwaka wa ukame mkubwa, mumewe akiwa hana kazi na watoto wakilala kwa chai na kipande cha mkate wa shayiri, gunia lilikaa chumbani mle mle walimolala. Driss, mtoto wake wa mwisho, alikuwa akiliendea na kulinusa kama paka. Batul hakulegeza fundo. Jioni ya Mimuna lilirudi lilivyokuja, na watoto wakala kwa Freha mpaka wakashikwa na kwikwi. Ilikuwa amana, na amana kwa Batul ni kitu ambacho mtu atasimamishwa mbele ya Mungu aulizwe.

Sasa amana ilikuwa imempita, imekwenda kwa mtu ambaye si wa dini yake wala si wa dini ya Freha.

Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta sababu. Sababu ilikuwa ikiishi naye nyumba moja, ikila supu yake na kuacha viatu vyake katikati ya njia. Driss alikuwa mtu mzima sasa, fundi wa friji mwenye mvi za kwanza kwenye ndevu. Siku chache kabla ya Ramadhani alisimama kichochoroni na simu mkononi, akitazama habari za vita vya kule mashariki, watoto wakitolewa chini ya vifusi, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Kwa hilo Batul hakumlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameizima televisheni kwa kushindwa kutazama. Lakini Driss aliinua sauti, akasema, "Hao wote ni wale wale. Hata hawa wa hapa." Dirisha la Freha lilikuwa juu ya kichwa chake, wazi. Batul aliona pazia likitikisika, na siku hiyo hapakuwa na upepo.

Alimvuta ndani kwa mkono wa shati, akamkaripia mpaka akaishiwa pumzi. Ila kwa Freha hakwenda. Angeanzia wapi? Akienda kuomba radhi, atalazimika kulitaja neno lenyewe, na kulitaja ni kulisema mara ya pili. Akajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, Ramadhani ikaingia, na leo gunia limemjibu.

"Unga umekwenda kwa masista," alisema jioni ile, akimtilia Driss supu.

"Unga gani?"

"Unaujua unga gani. Uliunusa utoto wako wote."

Driss akaweka kijiko chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu kitu moyoni na hesabu inamkataa. "Ni kwa ajili yangu?"

"Mimi nitajuaje? Labda masista wana kasha zuri kuliko langu."

"Mama."

"Kula, supu inapoa."

Hakuila. Aliikoroga, akaitazama, akaikoroga tena. "Sikumkusudia yeye," alisema mwishowe.

"Ulisema hawa wa hapa. Katika kichochoro hiki hawa wa hapa ni nani, mwanangu? Amebaki yeye na paka wake."

Siku za Pasaka zikaanza kupita. Mapaa ya nyumba zao mbili yalitenganishwa na ukuta mfupi usiofika kiunoni, na kila asubuhi walikutana pale na nguo zao mbichi. Zamani waliweza kuanza na bei ya kitunguu na kuishia kwenye talaka ya binti wa mwokaji, nguo zikakauka na kukauka tena. Sasa ilikuwa umeamkaje, salama, na wewe, Mungu ashukuriwe, basi. Freha alikuwa akitazama pembeni, akibana vibanio kwa haraka. Kama Batul angekuwa na moyo uliotulia, angeona kwamba ule haukuwa uso wa mtu aliyekosewa, bali wa mtu aliyekosa. Lakini mwenye donda hutazama donda lake tu, na Batul akashuka ngazi kila siku akiwa mzito kuliko alivyopanda.

Kuelekea mwisho wa sikukuu ile, mafuta ya kukaangia visheti vya ufuta yalimrukia kidoleni. Angekipaka asali kingepona. Badala yake alijitanda, akakata kona ya kushoto.

Sista Milagros alikuwa ameletwa Meknes kutoka Hispania akiwa msichana, akazeekea pale. Alikuwa amewachoma sindano nusu ya watu wa mtaa, na husema mwenyewe kwamba anawatambua kwa upande wa nyuma kuliko wa mbele. Batul alimkuta uani akimwagilia nana. Lakini jicho lake halikutua kwa Sista. Kwenye kamba, katikati ya vitambaa vyeupe vya masista, lilining'inia gunia lenye mstari wa buluu, limefuliwa, limebanwa vibanio viwili, na ndani yake hamna kitu.

"Sista," alisema, "gunia lile."

"Zuri, ee? Kitambaa cha kale, kigumu. Nitalishonea aproni. Lete kidole."

"Unga wake uko wapi?"

"Matumboni mwa watu." Sista alimvuta mkono hadi chini ya bomba, maji baridi yakamwagika juu ya lengelenge. "Pasaka yetu mwaka huu imeangukia mle mle katika Pasaka yao. Wanafunzi wa Kongo na Kameruni wanaosali kwetu waliujaza ua huu, wakaimba mpaka njiwa wakahama. Nimeoka mikate ya mayai tangu alfajiri. Vijana wale wanakula, Bibi Batul, Mungu awabariki, wanakula kama waliotumwa."

Batul akaunyakua mkono wake, maji yakamrukia kifuani. "Umekula amana ya mtu."

"Amana gani? Nimenunua."

"Kununua kwa jina tu, kila mtu anajua. Jioni ya Mimuna atautaka unga wake. Utampa nini, aproni?"

Sista Milagros alifunga bomba. Alimtazama Batul kwa muda, kama anavyotazama kidonda ili ajue kama kinahitaji kushonwa.

"Kaa," alisema.

"Sikai."

"Basi simama, lakini usinipigie kelele, nina presha. Freha nilimuuliza mara mbili. Nikamwambia, mwenzangu, mimi ni mwanamke mwenye tanuri na wageni, ukiniuzia nitautumia. Akasema hivyo ndivyo anavyotaka. Anataka mtu ambaye unga ukiingia kwake ni wake kweli, aule, auuze, awamwagie kuku. Bila hivyo kuuza si kuuza, na kwa sheria yao unga huo ni haramu kuliwa hata baada ya sikukuu. Nikamuuliza, Batul je? Batul si yupo? Akalia."

"Akalia?"

"Akasema, Batul atakufa njaa pembeni ya gunia kabla hajagusa kijiko kimoja."

Batul akatafuta pa kukaa. Akapata ukingo wa kitanda cha nana, akaketi hapo hapo kwenye unyevu, na Sista akachukua nafasi hiyo kumshika kidole na kumpaka dawa.

"Mpwa wake Prosper, yule wa Kasablanka aliyesomea sheria za dini yao, ndiye aliyemfumbua macho," Sista aliendelea, akizungusha bendeji. "Na unajua ilikuwaje? Freha alikuwa akikusifu. Kwenye simu, kama kawaida yake, saa nzima. Mwaka wa ukame, fundo halikuguswa, Batul hivi, Batul vile, kila mwaka husema mimi mlinzi tu. Mpwa akamrudisha kwenye neno hilo. Kisha akasema, shangazi, basi nyinyi hamkuwahi kuuziana."

"Kwa nini asiniambie mimi?"

"Ungekuwa wewe, ungemwambia?"

Miaka yote hiyo Batul alikuwa amelibeba lile fundo kama mwingine anavyobeba cheti cha hija. Alikuwa akiwasimulia wakwe, wageni, hata dereva wa teksi. Kumbe kila alipolirudisha gunia salama na maneno yake ya adabu, alikuwa akimkabidhi mwenzake kitu ambacho dini yake inamkataza kukitia kinywani, na mwenzake akakikaanga kwa furaha na kuwagawia watu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Lakini chini ya aibu ile, pole pole, kitu kingine kilikuwa kikilegea, kitu kilichomkaba tangu siku ya mkokoteni. Freha hakuwa ameikimbia nyumba yake.

Alasiri ile ile alipanda juu. Freha alikuwa akianua shuka.

"Nimetoka kwa Sista," Batul alisema.

Freha aliiona bendeji, akageukia nguo zake. "Kidole kinaendeleaje?"

"Kidole hakina neno. Freha, kweli nimekulisha haramu miaka yote?"

Shuka lilianguka mikononi mwa Freha, akalikumbatia lilivyo, bila kulikunja. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, macho yameingiwa na ukungu wa uzee, na alipotaka kumwona mtu vizuri aliinamisha kichwa kama ndege.

"Prosper anasema Mungu hamhesabii mtu asilolijua. Anasema na mengine, kijana yule ana maneno mengi, sikuyashika yote." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ningekwambiaje, Batul? Watoto wako walilala njaa kwa ajili ya unga wangu. Nije leo nikwambie kwamba ungeufungua ukawalisha, hapo ndipo sheria yangu ingetimia? Kwamba ulikuwa wenu? Ulimi ungenikatika."

Batul aliegemeza viganja vyake juu ya ukuta mfupi. Chokaa ilikuwa na moto wa mchana. Akamwona Driss wa miaka ile, miguu mitupu, pua imebanwa kwenye kitambaa cha gunia. Akangoja uchungu uje. Ulikuja, akaupisha, na nyuma yake kikaja kicheko kidogo kisicho na mwaliko.

"Unacheka nini?"

"Nacheka mimi na adabu zangu. Mama mkwe wangu alikuwa akisema adabu zitaniua."

"Karibu zimuue mwingine," Freha alisema, naye mabega yakaanza kumtikisika. Wakacheka kama watu waliokosa kucheka kwa muda mrefu, wakishikilia mbavu, paka akawatazama na kwenda zake.

Waliponyamaza, Batul akasema, "Mimi nilidhani ni Driss."

"Driss kafanya nini?"

"Usijifanye. Pazia lilitikisika."

"Ah. Lile." Freha akaanza sasa kulikunja shuka, pembe kwa pembe. "Nilisikia. Na niliumia, nisikudanganye. Nilikwenda jikoni nikamenya viazi ambavyo sikuwa na haja navyo. Lakini yule nimempaka mafuta ya zeituni tumboni alipokuwa na msokoto, miguu yake ikanipiga kidevuni. Atanitisha nini? Nikasema atakuja mwenyewe." Akaliweka shuka kwenye kikapu. "Hajaja. Hilo tu ndilo ninalomhesabia."

"Atakuja."

"Usimtume, Batul. Akitumwa atakuwa amekuja mchukuzi kama Buazza."

Batul hakumtuma. Wakati wa kufuturu alimsimulia habari ya unga peke yake, mwanzo mpaka mwisho: Prosper, Sista, wanafunzi waliokula kama waliotumwa. Driss alisikiliza tende ikiwa mkononi.

"Kwa hiyo tungeweza kuula," alisema.

"Tungeweza."

"Na ingekuwa halali. Kwetu na kwake."

"Ingekuwa halali."

Driss aliirudisha tende sahanini, akasema, "Nililamba nje yake, mama. Hukuniona. Nilikuwa naulamba ule mstari wa buluu, nikidhani ndiyo ladha yenyewe."

Batul akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa na haja ya kutazamwa.

Siku ya mwisho ya Pasaka, mchana, Driss alirudi kutoka kazini mapema. Alikuwa na gunia jipya la unga begani, vumbi jeupe limemmwagikia shingoni, na mkono wa pili umeshika mfuko wenye siagi na chupa za maziwa.

"Nini tena hicho?"

"Leo si Mimuna? Masista wameumaliza unga wote. Atakaanga nini, hewa?" Akaliweka gunia chini kwa uangalifu mno kuliko gunia linavyohitaji. "Usinitazame hivyo. Nimenunua unga tu."

Adhana ya magharibi ilipokwisha, walikula tende, wakanywa maji, wakaswali. Supu waliiacha jikoni. Driss akabeba gunia, Batul akabeba maziwa na siagi, wakatoka.

Mlango wa Freha ulikuwa wazi, na Freha mwenyewe ameketi kwenye kiti hapo hapo kizingitini, amevaa kaftani ya kijani ya sikukuu. Kandoni mwake aliketi Sista Milagros, chupa ya asali mapajani.

"Simameni hapo hapo," Freha alisema. "Bado."

"Bado nini?" Driss aliuliza.

"Bado ni Pasaka. Chachu haivuki mlango huu mpaka nyota tatu zionekane. Kama unadhani nyinyi peke yenu ndio mnaongojea mbingu, umekosea."

"Mama mdogo, tumbo langu lina tende moja."

"Na langu lina siku zote hizi za mikate mikavu kama vigae. Tutaona nani atalia kwanza." Kisha akainua uso, macho yake yenye ukungu yakatafuta huko juu na kushindwa. "Mimi sioni kitu. Huyu Sista haoni hata meza. Wewe una macho, Driss. Tazama, uniambie."

Batul alihisi chupa za maziwa zikimlemea mikononi. Alimjua mwenzake. Katika mambo ya dini yake Freha hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa mwanamke wa kufagia pembe za kabati kwa unyoya. Na sasa alikuwa amekaa pale, sikukuu yake nzima ameiweka juu ya neno la mtu ambaye alisema neno lile chini ya dirisha lake. Driss angeweza kusema tatu wakati ule ule. Njaa ilikuwa inamwuma, harufu za supu zilikuwa zikitoka kila mlango, na hapakuwa na wa kumsahihisha.

Driss akainua kichwa. Baina ya kuta mbili kulikuwa na utepe mwembamba wa anga, rangi yake kama maji yaliyooshewa zabibu.

"Moja," alisema. Baada ya kitambo akasema, "Mbili. Juu ya mnara wa maji."

Wakangoja. Buazza akapita, akauliza kuna msiba, akaambiwa hakuna, akasimama naye kutazama juu bila kujua anatazama nini.

"Tua gunia basi," Freha alisema.

"Kizingiti chako kimeinama, mama mdogo. Nikilitua litaingia ndani kabla ya wakati." Akalihamishia bega la pili.

"Ile pale," Batul alisema, akionyesha kwa kidole chenye bendeji.

"Ile inatembea, mama. Ni ndege."

"Huyu ni mkali kuliko padri," Sista Milagros alisema.

Driss hakucheka. Macho yake yalikuwa juu bado, na pengine kwa sababu yalikuwa juu, pengine kwa sababu uso wake haukuonekana vizuri kwa kiza, akasema kwa sauti ya chini, "Mama mdogo, yale niliyoyasema."

"Tazama nyota."

"Nisamehe."

"Nimekwambia tazama nyota. Ikitupita je?" Lakini mkono wa Freha ulikuwa umetoka kwenye mkono mpana wa kaftani na kushika upindo wa shati la Driss, ukabaki hapo, kama mtu anavyomshika mtoto penye msongamano wa watu.

Mahali fulani kijiko kiligonga bakuli.

"Tatu," Driss alisema.

"Una hakika?"

"Ni ndogo. Lakini haitembei."

Freha akainuka, akakisogeza kiti. Hakupisha. Alisimama katikati ya mlango wake, kichwa ameinamisha kama ndege, na hakumtazama Driss aliyebeba gunia, alimtazama Batul.

"Unga wa nani huu?" aliuliza.

Jibu lilikuwa tayari ulimini mwa Batul, laini, limekaa pale maisha yake yote: wako, dada, wa nani mwingine. Alilihisi likija. Akafunga mdomo, akalimeza, na ilikuwa kama kumeza kipande kikavu bila maji.

"Wangu," alisema. Likatoka kwa ukali, kama la mtu anayegombana sokoni, na Buazza akageuka. "Wangu na mwanangu. Tukitaka tunaurudisha kwetu sasa hivi, tunaukaanga, tunaula wote, na wewe tusikupe hata harufu."

"Na hamtaki?"

"Hatutaki. Nakupa wewe."

Freha akaitikia kwa kichwa pole pole, akapisha. Driss akainama chini ya kizingiti cha juu, akapita na mzigo wake, Sista akafuata na asali yake, na Buazza, ambaye hakualikwa wala hakukataliwa, akavua kofia akaingia nyuma yao. Taa zikawashwa. Freha alisikika akiamuru huku na huko, sufuria hili si lile, unga huo upunguze, wewe kaa usinizuie njia, na Driss akijibu ndiyo, mama mdogo, ndiyo.

Batul alibaki nje kidogo, maziwa yakiwa mikononi. Neno lile bado lilikuwa mdomoni mwake, geni na lenye ncha, kama jino jipya. Akalizungusha kwa ulimi. Ndani, siagi ilianza kulia kikaangoni. Akavua viatu vyake, akaviweka vizuri kando ya ukuta, akaingia.